Nani Anakwaruza Vioo vya Jua?

Kila asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, Inspekta alipiga pasi shati lake la kazi juu ya meza ileile ambayo mchana aliitumia kuhojia watu. Alianza na kola, akaja mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Mgongo aliumalizia harakaharaka kwa sababu, alivyozoea kusema mama huyu, hakuna mshukiwa anayemtazama askari mgongoni. Kando yake Koplo alichemsha maji ya chai kwenye birika la umeme, akiliimbia ili liharakishe. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa kituo tangu mji ulipoachana na injini ya dizeli na kuanza kutumia umeme wa jua. Zamani injini iliunguruma jioni tu, na asubuhi kila mtu alijijua mwenyewe na makaa yake.

Siku hiyo mkono wa kulia ulikuwa umeshanyooka kama karatasi mpya. Inspekta alipoutandaza wa kushoto, pasi ikakata. Birika likanyamaza katikati ya kuvuma. Feni ya dari ikajizungusha kwa uvivu, ikasimama.

"Tena!" Koplo aliinua kifuniko cha birika, akachungulia ndani kama anayemtazama mgonjwa. "Afande, chai imefia njiani."

Inspekta akalivaa shati hivyohivyo, mkono mmoja umenyooka, mwingine una makunyanzi ya tangu juzi. Hajamaliza vifungo, mlango ukafunguliwa. Aliyeingia alikuwa Injinia, msichana mwembamba aliyekabidhiwa kituo kizima cha umeme wa jua, mwenye kofia ngumu ya njano ambayo siku zote alisahau kuivua.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kututaka radhi kwa chai ya Koplo?"

"Nimekuja kushtaki." Injinia aliketi kwenye ncha ya kiti. "Ila sijui namshtaki nani."

Akaeleza, na sauti yake ikawa ndogo kadiri alivyoendelea. Mji wao ulikuwa wa kwanza nchini kuzima dizeli, na serikali ilikuwa ikiutazama kabla ya kuigeukia miji mingine. Keshokutwa wakaguzi wa wizara wangefika. Wakikuta umeme unakatika, injini ingewashwa upya, mpango wa miji mingine ungewekwa kabatini, naye angerudishwa makao makuu kichwa chini. Na umeme ulikuwa unakatika kweli. Kwa majuma kadhaa paneli zilikuwa zinatoa pungufu, mpaka leo betri zimekauka kabla jua halijapanda.

"Nilidhani ni vumbi," alisema. "Jana jioni nikainama nikatazama kioo kwa karibu. Kuna mtu anavikwaruza."

"Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu."

"Umelijibu hilo upesi mno," Inspekta akasema kwa upole. "Aliyeulizwa asiye na mtu moyoni hufikiri kwanza."

Injinia akainamisha kofia yake. Koplo akakohoa, maana naye alijua kilichomkwama msichana yule kooni, na mji mzima ulikijua. Mlezi wa injini ya dizeli, mtu aliyeiwasha na kuizima tangu ujana wake mpaka watu wakasahau jina lake na kumwita Mzee Injini, alikuwa baba yake Injinia. Siku alipomkabidhi binti yake ufunguo wa kuizima injini, mbele ya viongozi na turubai na viti vya kukodi, walimpa kipaza sauti aseme neno. Mzee alikishika, akakitazama, akamtazama binti yake. Kisha akakirudisha na kuondoka bila kusema lolote. Tangu siku hiyo baba na mwana walikuwa wakisalimiana tu kama majirani wa ukuta mmoja.

Injinia akasimama. "Mkamate yeyote utakayemkuta, Afande," alisema, na mlangoni akageuka. "Yeyote."

*

Kituo cha umeme kilikuwa nje kidogo ya mji: uwanja wenye uzio wa waya, na ndani yake safu za paneli zilizoinua nyuso kama wanafunzi wa dawati la mbele. Injinia aliwatangulia, na Mlinzi akawafungulia geti, akasimama wima kupita kiasi.

Inspekta hakumsemesha mtu. Desturi yake ilikuwa kukihoji kitu kwanza, binadamu baadaye. Alipiga magoti mbele ya safu ya kwanza, akamwambia Koplo aulaze mwanga wa tochi ubavuni mwa kioo. Mikwaruzo ikajitokeza yote kwa pamoja: viduara vidogovidogo vilivyopandana kama magamba ya samaki.

"Koplo, wewe ukitaka kuharibu kioo unafanyaje?"

"Natupa jiwe, Afande. Halafu nakimbia."

"Huyu hakukimbia. Tazama. Amefika mpaka ukingoni, akaizunguka skrubu, akarudi. Kwenye kona amepitisha ncha ya kidole." Akainuka taratibu, akajisukuma kwa kiganja gotini. "Na huku juu?"

Huku juu hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Palikuwa na vumbi na kinyesi cha ndege.

"Ameishia ulipofika mkono wake. Hakuja na ngazi, na si mtu mrefu."

Walitembea safu kwa safu. Zilizo karibu na geti ndizo zilikuwa zimeumia zaidi. Kadiri walivyosogea nyuma mikwaruzo ilizidi kuwa mipya, mpaka katikati ya safu moja ikakoma ghafla, kama mtu aliyeitwa kwenda kunywa uji. Paneli iliyofuata haikuguswa.

"Ana mpangilio," Inspekta akasema. "Na bado hajamaliza. Atakaporudi, ataanzia hapa."

Kwenye kona ya fremu alikuta ujivu mkavu. Akaukwangua kwa wembe, akautia kwenye bahasha ndogo, akaunusa. Akampa Koplo.

"Majivu," Koplo akasema. Akanusa tena. "Na ndimu. Kuna na mbegu yake hapa. Afande, tunatafuta mhalifu mwenye mafua."

Injinia hakucheka. "Majivu yakikauka yanaacha utando," alisema. "Jua haliupiti vizuri. Huo utando ndio unaotulaza gizani, kuliko hata mikwaruzo."

Hapo ndipo Inspekta alipomwendea Mlinzi. "Kuna mgeni yeyote aliyeingia humu majuma haya?"

"Hakuna, Afande. Mgeni hata mmoja."

"Una hakika?"

"Naapa."

Hakuwa anadanganya. Inspekta aliwahi kuwasikiliza waongo wa kila aina, na huyu hakuwa mmoja wao. Alikuwa tu na jasho jingi kwa mtu aliyesimama kivulini.

*

Mtu wa kwanza mwenye sababu alikuwa Bwana Pipa. Tumbo lake ndilo lililompa jina, na dizeli ndiyo iliyompa tumbo, maana yeye ndiye aliyekuwa akiiuzia injini mafuta. Siku ile ya viti vya kukodi alisikika akiapa hadharani kwamba vioo vile vitakwisha kimoja baada ya kingine, na yeye atakuwepo kushuhudia.

Walimkuta dukani amekunja suruali magotini, maji yamemzunguka miguuni, akiligombeza friji kubwa.

"Afande! Umekuja wakati wake. Andika: naharibiwa biashara!"

"Nimekuja kwa ajili ya kiapo chako."

"Kiapo kipi? Mimi nimeapa vingi."

"Cha vioo."

Bwana Pipa akajishika kiuno. "Kile? Kile nilikiapa kwa hasira, nikakimeza kwa aibu. Hebu pita ndani uone." Mahali palipokuwa na mapipa ya dizeli sasa palikuwa na mafriji yamepangwa ukutani, na ndani yake mabonge ya barafu yakilia machozi. "Mchinjaji ananunua hapa. Muuza maziwa ananunua hapa. Zamani nikirudi nyumbani watoto wangu walikuwa wananikumbatia huku wamebana pua. Siku hizi wananing'ang'ania nisiondoke. Nikavunje vioo ili nirudi kubanwa pua?"

"Nionyeshe mikono."

Akaitoa. Ilikuwa laini, imejikunja kwa maji baridi, bila kovu wala jivu chini ya kucha.

"Huyo mkimpata," Bwana Pipa akasema, "mleteni kwangu kwanza. Nitamkalisha juu ya barafu mpaka akiri."

Koplo alitoka na kibonge kwenye kikombe chake. Inspekta akamtazama.

"Ushahidi, Afande."

"Ushahidi wako unadondoka."

Wakashika njia ya kurudi kituoni. Kisha Inspekta akasimama katikati ya barabara, mkono wake wenye makunyanzi umeshika kidevu. "Nilimwuliza Mlinzi swali bovu," alisema, na wakarudi getini.

"Kijana, asubuhi nilikuuliza habari za wageni. Sasa nakuuliza habari za wenyeji. Nani anaingia humu ambaye wewe humwoni kuwa mgeni?"

Mlinzi akatazama viatu vyake. "Niliahidi sitasema."

"Ulimwahidi nani?"

"Yule aliyeniomba nisiseme."

Koplo akageukia pembeni kuficha kicheko. Inspekta hakumkaza kijana. Alifuata tu macho yake, ambayo bila mwenyewe kujua yalikuwa yamekimbilia ng'ambo ya uwanja, kwenye jengo la bati lililopakwa masizi ya miaka mingi. Ilikuwa nyumba ya injini.

*

Mlango wake ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Ndani, injini ilikuwa imelala, kubwa kama lori, na Koplo akajikuta amevua kofia. Ilikuwa imezimwa kwa miezi, lakini kidole cha Inspekta kilipopita juu ya mgongo wake kilirudi safi. Mabomba ya shaba yaling'aa kiasi cha mtu kunyolea ndevu. Kwenye rafu palikuwa na kopo la majivu yaliyochekechwa, vipande vya ndimu vilivyokamuliwa na matambara yaliyokunjwa kwa adabu kama nguo za mtoto.

"Hakuhangaika hata kuficha," Koplo akanong'ona.

"Hizi ni zana za kazi. Mtu hafichi zana zake. Na bado hazinitoshi, Koplo. Kopo la majivu yeyote anaweza kulichukua."

Akageukia ukutani, kwenye vipimo vya injini: vya joto, vya mafuta, vya msukumo, kila kimoja na mshale wake chini ya kioo cha duara. Akainama, akarudi nyuma, akasogea tena. Mishale haikuonekana. Vioo vilikuwa vimefifia vyote, vyeupe kama macho ya mzee sana.

"Laza tochi."

Koplo akailaza. Viduara vidogovidogo vilivyopandana kama magamba ya samaki vikajitokeza, na pale palipokuwa na skrubu, mkono ulikuwa umeizunguka na kurudi. Inspekta akatoa simu, akaweka picha ya paneli aliyoipiga asubuhi kando ya kioo. Ulikuwa mkono mmoja.

"Sasa alikuwa anavisomaje hivi vipimo?" Koplo akauliza.

"Hakuvisoma. Aliisikiliza. Si unakumbuka? Injini ikikohoa yeye yuko sokoni, anaacha mboga mezani anakimbia. Mtu kama huyo kioo kikififia hapungukiwi na kitu." Akaizima tochi mwenyewe. "Kwa hiyo hajawahi kujua kwamba majivu yanakula kioo. Shaba inayafurahia. Kioo hapana."

"Tukamchukue sasa hivi, Afande?"

"Nimejua mkono. Sijajua nia." Inspekta akaurudisha mlango kama alivyoukuta. "Siku nzima tumetafuta mtu mwenye hasira. Wewe umeona hasira wapi humu?"

Jioni alimpitia Injinia. Alimwambia maneno machache tu: aje uwanjani alfajiri, na avue ile kofia, inaonekana kutoka mbali.

*

Kulipoanza kupambazuka walikuwa watatu nyuma ya kibanda cha betri: Inspekta, Koplo, na Injinia aliyekuwa akijipapasa kichwa kila mara akiitafuta kofia yake. Geti likalia. Mlinzi akaamkia mtu, na mtu akaitikia kwa sauti ya chini.

Alikuja Mzee Injini katika ovaroli ya bluu iliyofungwa mpaka shingoni, ndoo mkononi, tambara begani. Mgongo ulikuwa umeinama kidogo. Alipita safu zote bila kusitasita mpaka kwenye ile aliyoiachia katikati. Akaweka ndoo chini. Akachovya tambara kwenye majivu, akakamulia ndimu. Kisha akaipapasa fremu ya paneli ile ambayo haijaguswa, kama mtu anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua.

"Haya, binti," alisema. "Lete uso."

Injinia akashika mkono wa Inspekta, ule wenye makunyanzi. Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa yeye kila asubuhi ya shule, karai la maji likiwa kati yake na baba yake. Hakungoja ishara ya mtu. Akatoka.

"Baba."

Tambara likaanguka.

"Unafanya nini, Baba?"

"Naosha." Mzee akamwona na Inspekta, akamwona na Koplo, akanyoosha kola ya ovaroli. "Mtambo haupewi kazi kabla haujaoshwa, wewe unajua. Mimi nimeona hapa hapana mwenye kuosha. Ndege wameinyea kazi yako yote, mwanangu, na wageni wako wanakuja. Nikasema nikimaliza safu zote kabla hawajafika…" Akaishia hapo.

Inspekta akasogea. Kwa kuwa ni kazi yake, alifanya kazi yake. "Mzee wangu, majivu haya unayachekecha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ulianza lini?"

"Tangu wiki ile vumbi lilipozidi."

"Kuna aliyekutuma?"

"Nani anitume kwa mwanangu?"

Akailaza tochi kwenye paneli ya jirani, ile iliyosuguliwa jana. "Basi tazama hapa, tafadhali."

Mzee akainama. Akatazama muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya viduara, akakifuata kimoja, akakifuata kingine, mpaka kwenye skrubu ambayo mkono wake mwenyewe ulikuwa umeizunguka.

"Huu ni mkono wangu," alisema.

"Ndiyo."

"Na umeme kukatika?"

Injinia akainamisha kichwa, na hilo likamtosha. Akaketi juu ya ukingo wa zege, mikono ikaning'inia kati ya magoti. "Nimekuja kumsaidia kwa kificho, nikamharibia kwa kificho." Akanyoosha mikono yote miwili mbele. "Afande, fanya kilichokuleta."

Koplo alikuwa ameshazitoa pingu mfukoni. Akamtazama mkuu wake.

"Zirudishe hizo," Inspekta akasema. "Mshikie mzee ndoo."

"Afande?"

"Hujuma inataka nia, Koplo. Mimi hapa sijaona nia, nimeona ndimu. Kamwage hayo majivu, ulete maji safi."

Injinia alikuwa amechuchumaa mbele ya kioo, akikisugua kwa ncha ya ushungi wake uliolowa umande. Utando ukatoka, kioo kikabaki na mikwaruzo yake lakini cheusi na chenye kina. "Unatoka," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Unatoka kwa maji matupu. Tukianza sasa hivi, hadi jioni betri zinajaa. Mikwaruzo itabaki, safu hizi zitatoa pungufu kidogo. Tutaishi nayo."

"Na wakaguzi utawaambia nini?" Inspekta aliuliza.

"Nitawaambia ilivyokuwa. Kwamba tulizima injini tukasahau waliokuwa wakiihudumia. Tulileta mafundi wa kufunga vioo, hatukumfundisha hata mtu mmoja wa hapa namna ya kuvipangusa. Wakienda mji mwingine, waanze na hilo." Akamgeukia baba yake, na sauti ikarudi kuwa ndogo. "Lakini kwa nini hukuniambia, Baba? Ungesema tu, 'Mwanangu, vioo vyako vichafu.' Siku ile walikupa kipaza sauti. Mji mzima ulikungoja. Mimi nilikungoja."

Koplo, aliyekuwa amerudi na ndoo, akasimama hapohapo alipofika. Inspekta akaanza kuyanyoosha makunyanzi ya mkono wake wa kushoto kwa makini makubwa.

Mzee akaliokota tambara. Akalikung'uta, akalikunja mara mbili, akalikunjua.

"Kulikuwa na watu wengi," alisema. "Na nilikuwa sijazoea kusema pakiwa kimya. Maisha yangu yote nimesemea juu ya mlio." Jua lilikuwa limeanza kuchungulia nyuma ya nyumba ya injini, na safu ya mbele ikapata rangi. Akaitazama. "Nilitaka kuwaambia kwamba injini ile niliipenda. Na kwamba moshi wake ulimkohoza mama yako miaka yote ile, nami nikanyamaza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikikusomesha. Nilitaka kusema…"

"Sema, Baba."

"Nilitaka kusema kwamba huyu aliyeizima ni binti yangu, na ningemkatalia ufunguo mtu mwingine yeyote. Hongera, mwanangu. Ndilo neno lenyewe. Hongera."